Mpango wa miaka mitatu wa kuwekeza katika jamii: jibu kwa meneja wa kampuni ya viwanda

Swali, kwa ufupi: Msomaji wetu ni meneja wa mahusiano ya jamii katika kampuni kubwa ya utengenezaji yenye viwanda vitatu. Kwa miaka mingi misaada imekuwa ikitolewa kwa kufuata barua za maombi zinazofika ofisini kwa mkurugenzi mkuu. Fedha huisha kabla ya mwaka kwisha, na hakuna anayeweza kuonyesha zilifanya nini. Sasa bodi inataka mpango wa miaka mitatu. Anauliza aanzie wapi, watenge kiasi gani, waunde taasisi inayojitegemea au wabaki na kitengo cha ndani, na matokeo yapimwe vipi.

Ndugu msomaji, jambo gumu kuliko yote katika kazi hii kampuni yenu tayari inalijua. Haijawahi tu kulifanya nje ya geti. Hakuna meneja wa uzalishaji anayenunua boila kwa kutazama bei yake peke yake. Huuliza nani ataiendesha, maji yake yatatibiwa vipi, vipuri vinapatikana wapi, itasimama mara ngapi kwa mwaka kwa matengenezo na itadumu miaka mingapi. Kampuni hiyohiyo ikienda kujenga zahanati huuliza swali moja tu: ujenzi utagharimu kiasi gani? Baada ya muda jengo lipo, kibao chenye jina la kampuni kipo, lakini hakuna muuguzi, hakuna dawa, na popo wamehamia darini. Kwa hiyo msingi wa mpango wako uwe huu: kila kitu mnachotoa kihesabiwe kwa gharama ya maisha yake yote, na mwenye kubaki nacho ajulikane kwa jina la cheo kabla hamjatoa senti ya kwanza. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Kabla ya kutoa, angalieni mnachochukua

Hatua ya kwanza haihusu misaada kabisa. Kaa na afisa mazingira, afisa usalama na meneja wa kila kiwanda, mwandike kila kitu ambacho kiwanda kinawaletea, au kinawanyima, watu walio nje ya uzio: vumbi, kelele za zamu ya usiku, harufu, maji taka, malori yanayopasua barabara, maji yanayovutwa ardhini hadi visima vya majirani vikapungua, vibarua wanaoachishwa kwa ghafla. Pembeni ya kila jambo andika kipimo kilichopo na malalamiko yaliyopokelewa katika miezi 24 iliyopita. Mkigundua hakuna daftari la malalamiko, basi mmeshapata kazi ya kwanza ya mpango.

Yote yaliyomo kwenye orodha hiyo hulipiwa na bajeti ya uzalishaji. Mifuko ya chujio la vumbi ikichanika, kuibadilisha ni matengenezo ya kiwanda. Barabara iliyobomolewa na malori yenu ni gharama ya usafirishaji. Mkiyalipia kwa fungu la jamii, fungu litamezwa, na majirani wataanza kuona kila msaada kuwa ni fidia iliyovishwa nguo nyingine. Wakishafikia hapo, hata jambo jema halipokelewi tena.

Historia ya viwanda ina mfano ambao ningependa bodi yenu iusome. Kuanzia mwaka 1880, George Pullman, mtengenezaji wa mabehewa ya reli, aliwajengea wafanyakazi wake mji mzima karibu na Chicago: nyumba za matofali, maktaba, bustani, maji na gesi. Wageni walikuja kuustaajabia. Mdororo wa uchumi wa 1893 ulipofika, kampuni ilipunguza mishahara lakini kodi za nyumba haikuzigusa, na kodi hizo zilikatwa kwenye mshahara huohuo. Mei 1894 wafanyakazi waligoma, mgomo ukasambaa kwenye reli za nchi, na serikali ya shirikisho ya Marekani ikatuma askari. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu ya jimbo la Illinois iliamuru kampuni iuze mali zote zisizohusiana na utengenezaji. Nyumba zile zilikuwa nzuri kweli. Kilichoharibu ni kwamba mfadhili, mwajiri na mwenye nyumba alikuwa mmoja, na hakukuwa na mahali pa kupeleka lalamiko isipokuwa kwake mwenyewe.

Kwa sababu hiyo utaratibu wa malalamiko utangulie mradi wowote. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, zilizoridhiwa mwaka 2011, zinataja katika kanuni ya 31 sifa za utaratibu unaofanya kazi: uaminike, ufikike, utabirike, utende haki, uwe wazi, uendane na haki za binadamu, uwe chanzo cha kujifunza na ujengwe kwa mazungumzo. Kwa vitendo, wekeni namba moja ya simu, mahali pa kuandikisha lalamiko bila kupita kwa mlinzi wa geti, na mtu anayetembelea majirani kwa siku zinazojulikana. Kila lalamiko lipewe namba na tarehe. Mlalamikaji ajulishwe ndani ya siku 3 za kazi kuwa limefika, na ajibiwe ndani ya siku 30. Idara iliyolalamikiwa isijichunguze yenyewe. Lalamiko lifungwe pale mlalamikaji anapotia saini kuwa ameridhika, au inapoandikwa wazi kuwa hakuridhika na limepelekwa ngazi ya juu. Utaratibu huu ni rahisi kuliko miradi yote mtakayofanya, na ndio utakaowaambia jamii inahitaji nini hasa.

Kiasi cha fedha na namna ya kuzigawa

Namba moja ya dunia nzima haipo. Kampuni nyingi hujipima kwa asilimia 1 ya faida kabla ya kodi. India imeweka sheria: kifungu cha 135 cha Sheria ya Makampuni ya 2013 kinazitaka kampuni zilizofikia kiwango fulani cha thamani halisi (mali ukitoa madeni), mauzo au faida zitumie angalau asilimia 2 ya wastani wa faida halisi ya miaka mitatu iliyotangulia, na shughuli inayowanufaisha wafanyakazi wa kampuni peke yao haihesabiwi. Hata kama sheria ya kwenu haidai hivyo, igeni huo wastani wa miaka mitatu. Faida ya kiwanda hupanda na kushuka kwa bei ya malighafi na nishati. Mkifunga bajeti kwenye faida ya mwaka mmoja, mtaahidi ufadhili wa masomo mwaka mzuri na kuukata mwanafunzi akiwa katikati ya kozi. Nani atawaamini tena?

Pangeni asilimia baada ya kuamua kipi kinahesabiwa. Mwaka 1994 kampuni kadhaa za Uingereza ziliunda kundi la kulinganisha takwimu zao, ambalo leo linaitwa B4SI, na utaratibu wake unahesabu mchango kwa sura nne: fedha taslimu, muda wa wafanyakazi ndani ya saa za kazi, vitu au huduma, na gharama za kuendesha programu yenyewe. Vitu vihesabiwe kwa kiasi kilichoigharimu kampuni, si kwa bei ya dukani. Kampuni inayotoa bidhaa zake na kuziandika kwa bei ya rejareja inajipa sifa ya faida ambayo isingeipata. Matangazo, zawadi za wateja na udhamini wa mechi wenye lengo la kuuza viende kwenye bajeti ya masoko.

Katika kila sehemu 100 za fungu, ningependekeza 60 ziende kwenye programu mbili au tatu za muda mrefu, 15 ziwe akiba ya kutunza vitu ambavyo vilishatolewa, 10 ziwe mikononi mwa mameneja wa viwanda kwa maombi madogo ya karibu, 5 za dharura kama mafuriko au moto, na 10 za watumishi, safari, ukaguzi na upimaji. Fungu la maombi madogo lisidharauliwe, kwa kuwa ndilo litakalopokea barua zile zinazokwenda kwa mkurugenzi mkuu. Liwekeeni kikomo kwa kila ombi, fomu ya ukurasa mmoja, tarehe nne za maamuzi kwa mwaka, na kila mwombaji ajibiwe kwa maandishi hata kama jibu ni hapana. Mkurugenzi mkuu akipata barua, aipeleke huko bila kuandika neno pembeni. Akiandika "naomba lishughulikiwe", mfumo wote umekufa.

Zile sehemu 15 za matunzo ndizo bodi itakazotaka kuzikata, na ndizo ninazokuomba uzipiganie. Silaha yako ni orodha. Katika miezi mitatu ya kwanza tembelea kila kitu kilichotolewa na kampuni katika miaka 10 iliyopita, na uende na fundi wa matengenezo badala ya mpiga picha. Kila kitu kiandikwe kama kinafanya kazi, kinatengenezeka au kimekufa. Kwa kilichokufa andika sababu moja kati ya hizi: hakikuwa na vipuri, hakikuwa na nishati, hakikuwa na mwenyewe, au hakikuhitajika tangu mwanzo. Ukiwaonyesha wakurugenzi jedwali hilo pamoja na bei ya kununulia ya kila kilichokufa, hoja ya matunzo itajitetea. Kisha tengenezeni vinavyotengenezeka kabla ya kuanza kipya. Mara nyingi utakuta chumba cha kompyuta kimefungwa kwa sababu ya kifaa kimoja cha umeme ambacho fundi wenu angekibadilisha kwa saa moja.

Kuchagua programu

Programu nzuri kwa kampuni ya utengenezaji hukidhi mambo matatu kwa pamoja: iko ndani ya eneo linaloguswa na viwanda, inatumia ujuzi ambao kampuni inao, na ina taasisi ya umma au ya jamii itakayobaki nayo. Ikikosa la tatu, iacheni hata kama mawili ya kwanza yanapendeza.

Mfano mzuri wa kampuni kujua mipaka yake ni wa Cummins, watengenezaji wa injini za dizeli, katika mji wa Columbus, Indiana. Katikati ya miaka ya 1950, chini ya J. Irwin Miller, taasisi ya kampuni ilijitolea kulipa ada ya msanifu majengo wa shule mpya, mradi bodi ya shule ichague msanifu kutoka kwenye orodha ya wasanifu mahiri. Shule ya kwanza, Schmitt, ilisanifiwa na Harry Weese na kufunguliwa mwaka 1957, kisha utaratibu ukapanuliwa kwa majengo mengine ya umma. Angalia mgawanyo wa kazi. Kampuni ililipia sehemu moja tu, ile ambayo mamlaka yenye bajeti finyu huwa ya kwanza kuibana, nayo ni ubora wa usanifu. Gharama za ujenzi na uendeshaji zilibaki kwa umma. Jengo likawa la mji tangu siku ya kwanza, na mji ukalitunza. Ahadi ilikuwa nyembamba, masharti yalijulikana kwa wote, na iliendelea kwa miongo.

Mafunzo ya ufundi ndiyo eneo ambalo kiwanda kina cha kutoa kuliko mfadhili mwingine yeyote, na ndipo pia makosa hufanyika kwa nia njema. Nieleze kitu kimoja kwa kina: kampuni inapobadilisha mashine ya kukereza vyuma na kuamua kuipa ile ya zamani chuo cha ufundi kilicho jirani.

Kabla mashine haijang'olewa, fundi wenu na mwalimu wa karakana waikague pamoja ikiwa bado inazunguka. Wakereze kipande cha majaribio na kupima kipenyo katika ncha zote mbili. Tofauti ikizidi kiwango walichokubaliana, reli za mashine zimelika, na mwanafunzi atajifunza kufidia ubovu wa mashine badala ya kujifunza vipimo. Kisha waende chuoni. Je, kuna umeme wa fezi tatu, au mashine itakaa miaka ikisubiri nguzo? Waya wa ardhini upo na umepimwa? Zege la sakafu linaweza kubeba mashine inayoweza kuzidi tani moja, na mlango unaipitisha? Mashine za zamani aghalabu hazina kinga ya kichwa kinachobana chuma wala kitufe cha kuzima kwa dharura, kwa sababu zilitengenezwa kabla ya vitu hivyo kuwa lazima. Vifungeni kabla ya kukabidhi. Mashine ambayo hamngeruhusu mfanyakazi wenu aiguse leo msimkabidhi kijana wa miaka 17.

Kagueni pia sumu zilizojificha. Pedi za breki na vizuia joto vya zamani vinaweza kuwa na asbesto, na transfoma au kapasita za miongo iliyopita zinaweza kuwa na mafuta yenye PCB, kemikali iliyomo kwenye Mkataba wa Stockholm wa 2001 kuhusu vichafuzi vya kudumu. Mkivikuta, kuviondoa na kuvishughulikia kwa njia salama ni jukumu lenu, na haviendi chuoni kwa jina la msaada.

Halafu hesabuni miaka mitano ya kuitumia: visu vya kukatia, mafuta ya kupozea na ya gia, mikanda, vifaa vya kupimia, kitabu cha mwongozo katika lugha ambayo mwalimu anaisoma, na vipande vya chuma vya mazoezi. Hicho cha mwisho ndicho husahaulika zaidi, ilhali kwenu ni masalio. Vipande vinavyobaki baada ya kukata, vikipangwa kwa aina ya chuma, kuwekewa alama na kupelekwa kila mwezi, vinaweza kuendesha karakana nzima. Chuo kisicho na chuma cha kukata hufundisha ukerezaji ubaoni. Mkiongeza fundi wenu mmoja kwa siku mbili kila mwezi, kazini na kwa mshahara wake wa kawaida, mmetoa kitu chenye thamani kuliko mashine.

Kwa visima vya maji nitasema machache, kwa sababu mafundi wake wapo. Uchunguzi wa kijiolojia utangulie uchimbaji. Kisima kijaribiwe kwa kuvuta maji kwa angalau saa 24 na kina cha maji kirekodiwe. Sampuli ipelekwe maabara kabla ya pampu kununuliwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaweka kikomo cha floridi miligramu 1.5 kwa lita na aseniki miligramu 0.01 kwa lita. Maji yaliyozidi hapo huonekana safi na yana ladha nzuri, na kuyachemsha hakuondoi kimoja wala kingine. Aina ya pampu iwe ile ambayo vipuri vyake vinauzwa karibu, hata kama idara yenu ya manunuzi imepata nyingine ya bei nafuu. Kamati ya maji iwe na akaunti na kiwango cha mchango kilichokubaliwa kabla ya kuchimba.

Lipo na katazo moja lisilo na mjadala. Mapipa na vyombo vilivyobeba kemikali visitolewe wala kuuzwa kwa majirani. Watavihifadhia maji ya kunywa au nafaka, na kusuuza hakutoshi kuvifanya salama. Vitobolewe, vibondwe, viende kwa mchakataji mwenye kibali. Vivyo hivyo majivu, tope na takataka za tanuru: hakuna kuzitoa kama kifusi cha barabara au uwanja wa shule mpaka maabara imepima metali nzito na kinachochujuka mvua ikinyesha.

Siku za kujitolea za wafanyakazi ni jambo jema kwa mshikamano wao, lakini watu 60 kupaka rangi ukuta ambao ulipakwa mwaka jana hakuisaidii shule. Mafundi umeme wawili wakikagua nyaya za shule nzima kwa siku moja na kurudi na vifaa wiki inayofuata wanazuia moto. Waulizeni walimu kwanza, kisha mtafute nani kiwandani anaijua kazi hiyo.

Makubaliano na malipo

Hati ya makubaliano iwe fupi na isomeke na mtu asiye mwanasheria. Itaje nani ni mmiliki wa kitu baada ya makabidhiano, nani analipa umeme, maji, mishahara na matengenezo kila mwaka na kutoka bajeti ipi, kampuni inachangia nini na hadi lini, mchango wenu wa matunzo unapungua vipi (kwa mfano asilimia 75 mwaka wa kwanza, 50 wa pili, 25 wa tatu), na nini kinatokea upande mmoja ukishindwa. Kipengele cha mishahara ndicho kinachoamua. Kama ni zahanati au shule, pateni barua ya mamlaka husika inayothibitisha nafasi za watumishi zimo kwenye bajeti yao. Barua isipopatikana, msijenge. Najua shinikizo la kujenga litakuwa kubwa, hasa kukiwa na sherehe iliyopangwa, sogezeni sherehe.

Malipo yafuate hatua za kazi zilizokaguliwa na mhandisi asiye wa mkandarasi. Zuieni asilimia 10 ya fedha za mkandarasi kwa miezi 12, maana paa linalovuja hujulikana mvua ya kwanza. Mifumo ya maji na umeme iendeshwe kwa mzigo kamili kwa saa 72 mbele ya watakaoitumia kabla ya kutia saini makabidhiano. Na siku hiyo wakabidhiwe michoro, orodha ya vipuri, namba za mafundi na funguo zote.

Taasisi au kitengo?

Ushauri wangu ni mbakie na kitengo kwa miaka hii mitatu. Taasisi inayojitegemea ina faida ya kweli: mtaji wake unaweza kulinda programu miaka ya hasara, na katika nchi nyingi ina nafuu ya kodi. Lakini inadai bodi yake, ukaguzi wake wa hesabu, usajili na taarifa zake, na huwaweka watoa fedha mbali na mafundi, mashine na masalio ya chuma ambavyo ndivyo utajiri wenu hasa. Mkishakuwa na programu mbili zilizofanya kazi na fedha za kutosha kuweka kama mtaji wa kudumu, fungueni. Taasisi iliyofunguliwa bila mtaji, inayosubiri hundi ya kampuni kila mwaka, ni kitengo kilekile chenye gharama zaidi.

Mwanahisa anaweza kuhoji kama mna haki ya kutoa fedha zake. Swali hilo liliwahi kufika mahakamani kupitia kampuni ya viwanda. A. P. Smith Manufacturing ya New Jersey, iliyotengeneza vali na mabomba ya kuzimia moto, iliamua mwaka 1951 kukipa Chuo Kikuu cha Princeton dola 1,500. Wanahisa walipinga, na mwaka 1953 Mahakama ya Juu ya jimbo iliona kuwa mchango huo ni halali, ikizingatia kwamba ulikuwa wa kiasi, haukutolewa kwa upendeleo binafsi wa wakurugenzi, na kampuni yenyewe inaishi ndani ya jamii inayohitaji vyuo. Hukumu hiyo haiwafungi wa nje ya New Jersey, ila vigezo vyake ni vizuri kuviandika kwenye sera yenu.

Upendeleo ndio hatari kubwa kuliko wizi. Mwaka 2004 kampuni ya dawa ya Schering-Plough ililipa faini ya dola 500,000 kumaliza shauri la tume ya dhamana ya Marekani, inayosimamia masoko ya hisa, bila kukiri wala kukana. Tawi lake la Poland lilikuwa limechangia taasisi ya kukarabati makasri ya kale. Taasisi hiyo ilikuwa halali na kazi yake ni ya kweli. Tatizo ni kwamba rais wake alikuwa pia mkuu wa mfuko wa afya wa mkoa, wenye ushawishi juu ya ununuzi wa dawa. Hivyo kabla ya kila mchango angalieni nani anakaa kwenye bodi ya mpokeaji, na kama kuna kibali, zabuni au ukaguzi wenu ulio mezani kwake. Watu wa mauzo wasipendekeze wapokeaji. Fedha ziende kwenye akaunti ya taasisi, kamwe si ya mtu. Kamati ya maamuzi iwe na watu watano hadi saba: fedha, sheria, meneja wa kiwanda mmoja kwa zamu, rasilimali watu, na angalau wawili kutoka jamii, waliochaguliwa na jamii yenyewe.

Kupima

Pimeni hali ilivyo kabla ya kuanza. Bila kipimo cha mwanzo hakuna hesabu ya mwisho itakayokuwa na maana, na ndipo kampuni hukimbilia kuandika "watu waliofikiwa", namba inayoweza kupatikana hata kwa mradi uliokufa. Kwa kitu kilichojengwa, kipimo kikuu kiwe siku kilizofanya kazi kati ya 365, na muda kutoka kuharibika hadi kutengenezwa. Viwanda vyenu tayari vinapima mashine hivyohivyo, kwa hiyo fomu zipo. Kwa mafunzo, hesabuni waliomaliza kati ya walioanza, na walio kazini baada ya miezi 6 na 12 kwa mwajiri yeyote au wakijiajiri. Mkihesabu walioajiriwa nanyi tu, mtakuwa mnapima ajira zenu. Mkiweza, walinganisheni na vijana walioomba wakakosa nafasi, ili mjue ni kiasi gani cha mafanikio kingetokea hata bila ninyi.

Nusu ukurasa wa kila taarifa ya mwaka ueleze kilichosimama na kwa nini. Bodi zinazosoma mafanikio peke yake hurudia makosa yaleyale kwenye kiwanda cha pili.

Mwisho wa mpango

Tarehe ya kuondoka iandikwe siku ya kuanza. Miezi 18 kabla ya mwisho, mmiliki aanze kulipa sehemu ya gharama kutoka bajeti yake. Akishindwa mkiwa bado mpo, kuna muda wa kurekebisha. Miezi 12 kabla, mafundi wake wafanye matengenezo na wenu watazame tu. Miezi 6 kabla, vipuri vya mwaka mmoja viwe ghalani kwake.

Kama kuna uwezekano wa kiwanda kupunguzwa au kufungwa, hesabuni mapema huduma ambazo watu wanazipata kwa sababu ya kiwanda kuwepo: maji kutoka tanki lenu, umeme kutoka kwenye kituo chenu, gari la wagonjwa, mtaro wa maji ya mvua. Kila moja ipewe mita yake, laini yake na hati yake ya umiliki, itenganishwe na mfumo wa kiwanda kiwanda kikiwa bado kinazalisha na mafundi wake bado wapo kazini. Kazi hiyo hufanyika kwa gharama ndogo wakati huo. Baada ya umeme wa kiwanda kukatwa, haifanyiki.